Wakala nyota mbili, mitaro ya Wainka nyota tano

Nafyatua matofali Kinyerezi, huu mwaka wa 17. Naanza na hilo ili msomaji ajue nilikwenda Machu Picchu, yale magofu ya Wainka waliotawala Peru kabla ya Wahispania, na macho ya namna gani. Ya mawingu na vilele wameshaandika wengine. Mimi nitasema ya kuta, ya maji, na ya wakala aliyetupeleka.

Masika yakishika Dar, yadi yangu hulala. Tofali halikauki, lori la mchanga linazama kwenye tope, na wateja wote wana jibu moja: "Tuache kwanza mvua iishe, mama." Kila mwaka mwezi wa 5 nakaa barazani natazama dimbwi. Safari hii wifi yangu akaniambia, "Wifi, hilo dimbwi umelitazama vya kutosha." Yeye ni mwalimu mstaafu wa jiografia. Miaka 31 amewachorea watoto wa watu milima ya Andes ubaoni bila kuiona hata kwa dirisha la ndege, na kiinua mgongo kilipotoka akaapa kwamba hakitaishia chote kwenye ada za wajukuu. Mimi nikaweka gawio langu la kikoba. Tukaenda.

Wakala ofisi yake iko mjini, ghorofani. Jina silitaji, sina nia ya kumharibia mtu riziki. Tulilipa shilingi milioni 11.5 kila mmoja: ndege, hoteli, treni, basi, kiongozi na tiketi ya kuingia Machu Picchu. Haki yake nampa. Ndege zilikuwa kama zilivyoandikwa, tulipitia Amsterdam, na tulipotoka nje pale Lima tukiwa hoi tulikuta mtu ameshika karatasi yenye majina yetu, moja tu likiwa limekosewa. Hoteli zilikuwa safi na maji ya moto yalitoka. Kazi yake ingeishia hapo, ningempa nyota nne nikalala.

Kosa la kwanza lilikuwa Cusco. Mji huo uko mita 3,400 hivi juu ya usawa wa bahari, na sisi tumetoka Dar, ambako mtu akipanda kilima cha Pugu anajiona amepanda. Machu Picchu yenyewe iko chini ya hapo karibu kilomita nzima, mita 2,430. Yaani ni chini hata ya Mandara, pale wapanda Kilimanjaro wa njia ya Marangu wanapolala usiku wa kwanza. Anayeijua kazi yake angetushusha siku ileile kwenye bonde la mto Urubamba, mwili uzoee, Cusco ije mwishoni. Yeye alitupa usiku 3 Cusco mwanzoni kabisa. Usiku wa kwanza wifi alikuwa amelala chali, kichwa kinampasuka, moyo unamwenda mbio kama aliyekimbizwa na mbwa. Wenyeji wanauita ugonjwa huo soroche. Dada wa mapokezi akaleta chai ya majani ya koka. Wifi, ambaye shuleni alikuwa akiwachapa watoto kwa ugoro, alikitazama kikombe kama kidhibiti cha polisi. Akanywa. Akaomba cha pili. Asubuhi alikuwa mtu. (Majani yenyewe yanauzwa sokoni kama mchicha. Usiyatie kwenye begi la kurudi nyumbani, utakuja kuyatolea maelezo uwanja wa ndege.)

Sasa ukuta. Kuna uchochoro Cusco unaitwa Hatun Rumiyoc, una jiwe moja maarufu lenye pembe 12. Nimezihesabu mara mbili, ni 12 kweli. Lakini mimi lile jiwe maarufu halikunishika sana kama wenzake wasio na jina. Kwetu tofali na tofali zinaunganishwa na mota. Fundi mzuri anaacha nafasi ya kidole kimoja, fundi mbaya anaacha ya vidole viwili, na saruji ya vidole vyote anailipia mteja. Pale mota hakuna. Jiwe limekaa juu ya jiwe, na yanapokutana unaona mstari tu kama wa penseli. Wala si mawe ya kipimo kimoja kama matofali yangu ya inchi 6. Kila moja lina umbo lake, na jirani yake amechongwa kulifuata, kama abiria wa daladala ya Mbagala waliokaa pamoja miaka 500 mpaka mabega yakazoeana. Na waliochonga hawakuwa na chuma. Walikuwa na shaba, walikuwa na mawe magumu ya kugongea, na mnyama wao wa mizigo, llama, ukimtwisha zaidi ya kilo 30 hivi analala chini na mzigo wako.

Shingoni nilikuwa na ufunguo wa yadi kwenye kamba. Siuachi nyumbani, nawajua vijana wangu. Nikauvua, nikanyoosha mkono mbali kidogo na ukuta, maana kuugusa ni marufuku, nikaushusha ufunguo ukaning'inia mpaka ukatulia. Ndiyo timazi ya maskini hiyo. Kamba ikasimama wima, na ukuta ukaonekana: chini ulikuwa karibu na ufunguo, huku juu umerudi nyuma kama upana wa kiganja. Nikahamia hatua tatu mbele, nikapima tena. Kiganja kilekile.

"Wifi," akaninong'oneza mwenzangu, "watu wanatutazama."

Kiongozi wetu, kijana wa Kiquechua mwenye kofia ya sufu, alicheka akauliza kama mimi ni mhandisi. Kiingereza changu ni cha kuombea maji, hivyo wifi ndiye aliyekuwa mkalimani, naye akajibu kwamba mimi ni mfyatua matofali. Kuanzia hapo yule kijana akawa ananiita maestra, yaani fundi. Akaeleza kwamba kuta za Wainka zimelazwa kwa ndani makusudi, na milango na madirisha yao ni mapana chini na membamba juu, kwa sababu nchi yao ni ya matetemeko. Ardhi ikitikisika mawe yanacheza mahali pake, kisha yanarudi kukaa. Mwaka 1950 tetemeko kubwa liliipiga Cusco. Wahispania walikuwa wamejenga nyumba ya watawa ya Santo Domingo juu ya Qorikancha, hekalu kuu la jua, ambalo kuta zake zilikuwa zimevikwa mabamba ya dhahabu mpaka wao walipozibandua. Kanisa na nyumba ya watawa vikabomoka vibaya. Kuta za Wainka chini yake zikabaki zimesimama. Mimi ni Mkatoliki, nilisimama pale uani sijui nimshangilie nani.

Hapohapo Qorikancha ndipo kijana alipotuambia habari ya wafalme waliokufa. Mfalme wa Wainka akifa hakuzikwa akasahauliwa. Mwili wake ulikaushwa, ukavikwa nguo, ukawekewa chakula na pombe ya mahindi, na siku za sikukuu ukatolewa uwanjani ukae pamoja na watangulizi wake. Mali yake haikurithiwa na mfalme mpya. Mashamba na majumba yalibaki kuwa yake, yakitunzwa na ukoo wake, na mfalme mpya alipaswa kujitafutia yake. Wahispania waliona hawataitawala nchi ambayo wafu wake bado wanamiliki ardhi, hivyo mwaka 1559 wakaisaka miili hiyo, na mwili wa Pachacuti, mkubwa wao, ukawa miongoni mwa iliyokamatwa. Wifi alitafsiri hayo kwa sauti ya darasani. Mimi nilikuwa namfikiria babu mzaa mama kule Matombo, Uluguru, ambaye hakunywa pombe bila kumwaga kidogo chini kwanza. "Na hao nao wana kiu," alikuwa akisema. Padri alijua. Babu alijua kwamba padri anajua.

Kwa nini naleta habari za Pachacuti? Kwa sababu Machu Picchu ilikuwa yake. Wainka hawakuwa na maandishi kama haya, walihesabu na kutunza kumbukumbu kwa mafundo ya kamba, khipu, kwa hiyo hakuna kibao cha ufunguzi chenye tarehe. Lakini hati ya Kihispania ya mwaka 1568 inataja mashamba ya eneo lile kuwa yalikuwa ya Pachacuti. Kwa muda mrefu ilisemwa pamejengwa karibu na mwaka 1450. Vipimo vya mifupa vilivyotangazwa 2021 vimerudisha nyuma kidogo, kwamba watu walikuwa wakiishi pale tangu miaka ya 1420. Wakaondoka karne iliyofuata, Wahispania walipoivuruga nchi kuanzia 1532. Watu wa pale hawakuwahi kuzidi 750 hivi kwa wakati mmoja. Mnaopasikia pakiitwa mji uliopotea, fikirieni zaidi shamba la mfalme, lenye majumba, mahekalu na watumishi.

Huko hakuna barabara inayofika kutoka Cusco. Unapanda treni Ollantaytambo, saa moja na nusu hivi ukiambatana na mto Urubamba, milima inakubana pande zote mpaka unaona anga kwa kuinua shingo. Treni nzuri, viti safi, chai ndogo mno kwa bei yake. Unashukia kijiji cha Aguas Calientes, ambacho chote ni hoteli, mahema ya kuuzia vitambaa vyao na mtu anayekuita uje ule piza. Piza! Nimevuka bahari mbili.

Asubuhi yake tulipanga foleni ya basi gizani, baridi kama ya Njombe. Basi wakati wetu lilikuwa dola 24 kwenda na kurudi, linapanda kona kwa kona chini ya nusu saa. Getini ndipo kosa la pili la wakala lilipotukuta.

Msomaji, shika hili hata kama utaacha mengine yote. Tiketi za Machu Picchu si tiketi moja. Tangu 2024 kuna mizunguko 3, nayo imegawanywa tena kuwa njia 10. Mzunguko wa 1 unapita juu, na huko ndiko inakopigwa ile picha unayoijua, ya magofu chini na kilele cha Huayna Picchu kimesimama nyuma. Wa 2 ndio unaokusanya mengi, juu na ndani. Wa 3 unapita sehemu ya chini. Ukishaingia huruhusiwi kuhama njia wala kurudi nyuma. Sisi tulipewa wa 3. Karatasi ya wakala ilisema "tiketi ya Machu Picchu", basi, na nilipompigia baadaye aliniambia, "Mama, si mliingia lakini?" Tuliingia, ndiyo. Lakini wifi alikuwa amekuja na vazi maalumu la picha ile, dera la bluu na kilemba chake, amelibeba ndani ya mfuko wa plastiki tangu Kinyerezi lisikunjamane. Yule dada wa getini alitazama tiketi, akatazama dera, akaonyesha kwa mkono: chini. Hekalu la Madirisha Matatu hatukuliona. Intihuatana, lile jiwe lililochongwa wanalosema ni la kulifungia jua, hatukuliona, ingawa kiongozi alituonyesha kwa kidole kilima lilipo na kutuambia jinsi mwaka 2000 watu wa tangazo la bia walivyoliangushia mkono wa kreni wakalimegua ncha. Tangazo la bia!

Wifi alinuna kama robo saa. Mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi, kwa sababu njia ya chini ndiyo yenye maji.

Kwenye mteremko wa mlima wenyewe kuna chemchemi, na kutoka pale Wainka walichonga mfereji wa mawe wenye urefu wa mita 749 kuleta maji ndani. Mwinamo wake ni mdogo sana. Ungezidi, maji yangekimbia yakamwagika nje, na ungepungua, yangelala. Yakishafika yanashuka kwenye visima vidogo 16, kimoja juu ya kingine, vimepangwa kama ngazi. Cha kwanza kiko jirani na nyumba ya mfalme, kwa hiyo yeye anachota ambayo hayajaguswa na mtu. Kwa hilo sikushangaa, hata mtaani kwetu bomba huanzia kwa mwenye nguvu. Kilichonishangaza ni mdomo wa kile kisima. Umechongwa mfereji mwembamba kwenye ukingo wa jiwe, ili maji yasifuate ukuta, yaruke mbele, yaanguke wima yakiwa kamba moja iliyosokotwa. Mitungi yao ilikuwa na shingo nyembamba na kitako chenye ncha. Unaweka mtungi chini, maji yanaingia shingoni moja kwa moja bila kumwagika nje hata tone. Nilisimama pale mpaka kundi la nyuma yetu likatupita. Miaka mingapi nimechota maji bombani nikilowa mpaka magoti, kwa sababu fundi aliona mdomo wa bomba ni kitu cha kumaliziamalizia tu?

Na hayo ni ya kunywa tu. Ya mvua ni hesabu nyingine. Mvua ya pale ni karibu milimita 2,000 kwa mwaka, karibu mara mbili ya Dar, inanyesha juu ya mlima mwembamba wenye makorongo pande mbili. Kwa desturi ya kwetu mji ule ungekuwa umeshateremkia mtoni mwaka wa tatu. Mhandisi mmoja wa maji Mmarekani, Kenneth Wright, alifanya utafiti pale na wenzake kuanzia miaka ya 1990, na hesabu yao ni kwamba asilimia 60 ya kazi yote ya ujenzi haionekani, iko chini ya ardhi: misingi na njia za maji. Kuna matundu ya kutolea maji kwenye kuta kama 130. Yale makonde ya ngazi, ambayo ni zaidi ya 600, watalii wanayapiga picha kama mapambo. Wakichimba wanakuta juu udongo wa kulimia, chini yake mchanga na changarawe, chini zaidi mawe makubwa. Maji yakinyesha yanazama taratibu, yanachujwa, yanatoka pembeni bila hasira. Na zile kokoto za chini ndizo vipande vilivyobaki wakati wa kuchonga mawe ya kuta. Yaani taka ya fundi wa juu ndiyo mtaro wa fundi wa chini. Pale mimi nilikaa kwenye jiwe.

Nimeuza tofali kwa nyumba ambazo leo zinaingiliwa na maji hadi kitandani. Najua mafuriko ya Jangwani, nayajua ya Msimbazi, na najua mteja anavyosema ukimtajia mtaro: "Mama, huo tutauweka baadaye, kwanza tupandishe ukuta." Pachacuti angeulizwa angeanza na mtaro, na ukuta ungefuata.

Ngazi zile zilinigusa pengine tena. Miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwalazimisha Waluguru kukata milima yao iwe ngazi kama hizi, ati kuzuia mmomonyoko. Mwaka 1955 watu wa Matombo wakakataa, vurugu zikalipuka. Babu alikuwepo, na mpaka anakufa neno "ngazi" lilimfanya ateme mate. Sikuwahi kuelewa. Ngazi si kitu kizuri? Nimelielewa Peru. Wazungu wale walitaka watu wachimbe mlima, wageuze udongo, ule mzuri ufukiwe chini na ule mbovu uje juu, kisha walime. Wainka waliujenga udongo wenyewe, tabaka kwa tabaka, kokoto kwanza, mboji mwisho. Kwa macho ni ngazi zilezile. Nao walitumia kazi ya zamu, sikatai, watu walilazimika. Lakini aliyefanya zamu alilishwa na kunyweshwa na mfalme. Babu alipewa faini.

Hekalu la Jua la hapo Machu Picchu tulilipita kwa ubavuni na chini. Hapo ufunguo wangu wa kupimia nikauweka mfukoni, kwa sababu hakukuwa na cha kupima: ukuta wa mviringo umeoteshwa juu ya mwamba mkubwa wa asili, na mwamba umechongwa mpaka huoni mlima umeishia wapi na fundi ameanzia wapi. Dirisha lake moja limeelekezwa ili jua la asubuhi karibu na tarehe 21 Juni, siku yao fupi kuliko zote, liingie na kulala juu ya jiwe lililo ndani. Chini ya mwamba kuna pango lenye kuta za mawe safi, limeitwa kaburi la kifalme, ingawa mfalme hakukutwa humo. Wainka waliona mwamba, chemchemi na kilele kuwa na uhai. Milima mikubwa wanaiita Apu, yaani bwana, mzee, na mpaka leo kila Apu ana jina lake. Salkantay, wenye mita 6,271, ndio wa huko kusini. Ardhi ni mama, Pachamama.

Kijana wetu hakutuambia hayo kama mtu anayesoma kitabu. Siku moja kabla, kule Ollantaytambo, alitoa majani 3 ya koka mfukoni, akayapanga kama vidole, akayainua mdomoni akayapulizia kuelekea mlimani, akataja majina polepole. Kisha akayafukia chini ya jiwe. Wifi akauliza kama anasali kanisani. Akasema ndiyo, kila Jumapili. Nikacheka peke yangu, nikaulizwa nini, nikasema hakuna. Nilikuwa naona Kolelo, lile pango la Uluguru ambako Wazaramo wa huku pwani walikuwa wakipanda siku nyingi kwenda kuomba mvua. Sijawahi kufika Kolelo. Matombo nimekwenda mara ngapi, na Machu Picchu nimefika, lakini Kolelo sijafika.

Jumba la kondori, yule ndege mkubwa wa Andes, tulipita haraka: mawe mawili ya asili yamesimama kama mbawa, kichwa kimechongwa sakafuni. Zuri, lakini watu walikuwa wengi na dakika zetu zilikuwa zimekwisha.

Jambo moja zaidi ambalo wifi aliniomba niliandike. Vitabu alivyofundishia vilisema Hiram Bingham, Mmarekani, "aligundua" Machu Picchu tarehe 24 Julai 1911. Alipelekwa na mkulima wa pale, Melchor Arteaga, na juu akakuta familia zinalima kwenye makonde yaleyale. Ukutani palikuwa na jina la Agustín Lizárraga, mwenyeji aliyefika 1902. Bingham alirudi kuchimba, akabeba mifupa na vyombo hadi chuo cha Yale, na Peru ikapata kuvirudisha miaka mia baadaye; vingi viko Cusco sasa, Casa Concha, na nyumba hiyo ya makumbusho inastahili saa zako mbili. Miaka hiyohiyo, 1909 hadi 1913, Wajerumani walikuwa wakichimba mijusi wakubwa Tendaguru, Lindi. Mifupa yetu ingali Berlin. Halafu ile mifupa ya watu zaidi ya 170: mtaalamu wa kwanza alitangaza kwamba karibu wote ni wanawake, ndipo ikazuka hadithi ya mabikira wa jua. Aliyeipima upya baadaye, John Verano, alikuta wanaume na wanawake karibu nusu kwa nusu. Wa kwanza alikuwa ameona mifupa midogo tu, akaamua.

Chakula kwa kifupi. Mahindi yao punje moja ni kama jino la farasi, na viazi vina rangi ambazo sikujua kiazi anaruhusiwa kuwa nazo. Simbilisi wa kuchoma nilimla. Wenzetu wa Njombe wanamfuga, hivyo sikuona ajabu. Wifi alikula wali siku 9.

Tuliporudi nilikwenda ofisini kwa wakala, nikakaa kwenye kiti kilekile. Nilimwambia kwa upole kwamba pale kijijini kila siku wanauza tiketi 1,000 za kuingilia kesho yake, na kwamba mtu wake angetuambia mapema tungelala usiku mmoja zaidi, tukapanga foleni, wifi akapata picha yake. Treni yetu ilikuwa ya jioni ileile. Akaandika kwenye daftari, akatoa pole, akatupunguzia asilimia 10 ya safari ya Dubai. Sina shida na Dubai. Nyota mbili: moja ya ndege, moja ya yule mtu wa Lima mwenye karatasi.

Kiongozi nyota tano. Treni nyota tatu. Machu Picchu kwenyewe siwezi kupatia nyota, ila mitaro yake naipa tano na ingekuwepo ya sita ningeitoa.

Ukitaka kwenda: dai tiketi ya mzunguko wa 2 na uione kwa macho kabla hujalipa, jina liwe kama lilivyo kwenye pasipoti, kwa sababu wanalinganisha herufi kwa herufi. Kiingilio kwa mgeni wakati wetu kilikuwa soli 152, soli ndiyo pesa ya Peru. Nenda kati ya mwezi wa 5 na wa 9. Lala bondeni kabla ya Cusco. Na weka sarafu ya soli 2 mfuko wa nje, si ndani ya pochi: choo kiko nje ya geti tu, ndani hakuna hata kimoja, na yule mama wa chooni hana chenji.